NFS inajikokota? Hesabu safari kwanza

(Haya niliyaongea Jumamosi mbele ya mafundi wenzangu. Walioniomba slaidi niliwaambia sina, nilikuja na laptopu na kipande cha kebo tu, kwahiyo nimekaa nikaandika vile nilivyoongea, palipokuwa na kelele nimeruka.)

Wakuu habari za asubuhi, wazee wangu pale mbele shikamooni, wengine mambo.

Nianze na aibu yangu kabisa ili tusipotezeane muda. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa natunza maabara ya kompyuta ya chuo fulani, sitokitaja, mashine 40 za Linux na seva moja, folda za nyumbani za wanafunzi wote zinakaa kwenye seva, mashine zinazimaunti, yaani zinaziunganisha kana kwamba ziko humo humo, kwa NFS, ule mfumo wa kutumia faili za seva kupitia mtandao, mtoto akikaa mashine yoyote anakuta vitu vyake vinamsubiri. Raha tupu. Sasa ikifika saa mbili asubuhi kipindi kinaanza, watoto 40 wanaandika paswedi kwa pamoja, alafu wanakaa. Wanakaa tu. Dakika tatu, dakika nne, skrini tupu kiduara kinazunguka, mwalimu ananiangalia mimi, mimi naangalia dari.

Mkuu wa idara akasema seva imezeeka tununue nyingine. Mimi kwa kujifanya najua nikamwambia mzee subiri, hizo ni setingi tu, nipe wiki moja. Nikaingia mtandaoni nikakuta orodha ya komandi mahali, ya zamani hiyo, nikakopi nikapesti zote, hata sikuangalia imeandikwa mwaka gani. Humo ndani kulikuwa na rsize=8192 na wsize=8192, yaani baiti ngapi zibebwe kwenye ombi moja la kusoma na la kuandika. Nani hapa amewahi kuziweka hizo? Nyoosheni mikono msiogope. Ehee, naona sio peke yangu.

Basi sikilizeni nilichofanya. NFS ilitoka kwa watu wa Sun Microsystems mwaka 1984, toleo la 2 ndo lililoenea, na lile toleo lilikuwa haliwezi kubeba zaidi ya kilobaiti 8 kwenye ombi moja la kusoma au kuandika, ndo mwisho wake, kwahiyo enzi hizo mtu akikwambia weka 8192 alikuwa anakupa kiwango cha juu kabisa, alikuwa anakusaidia. Toleo la 3 likaja 1995 ukomo ule ukaondoka, na Linux ya siku hizi usipoandika chochote klayenti, yaani mashine inayoomba, na seva wanakubaliana wenyewe, mara nyingi wanafika megabaiti 1. Mimi nikawavunjia makubaliano yao nikawarudisha kilobaiti 8. Pigeni hesabu, megabaiti 1 ni kilobaiti 1024, gawanya kwa 8, ni 128. Mzigo uliokuwa unaenda safari moja nimeugawa safari 128, alafu nikajipongeza nikaenda kunywa chai.

Kwahiyo ukitoka hapa leo nenda kwenye mashine yako piga nfsstat -m, itakuonyesha kila maunti inatumia rsize ngapi na toleo gani kweli kweli, sio lile unalodhani wewe. Ukikuta kuna namba ndogo mtu aliiandika kwenye fstab, lile faili la orodha ya maunti, miaka ile, ifute uache wakubaliane wenyewe.

Haya, tuendelee na madhambi yangu. Orodha ile ilisema pia uongeze thredi za nfsd, yaani wapokeaji wa maombi ndani ya seva, kwenye seva nyingi zilikuwa 8 tu, nikaweka 128. Hapa nataka mfikirie kwa mama lishe. Ana vijana 8 wanaopokea oda, jiko moja. Wateja wamejaa, unaongeza vijana wanakuwa 128, jiko ni lilelile moja. Oda zinapokelewa haraka kweli, lakini foleni imehama tu kutoka mezani imeenda jikoni, na sasa vijana wanagongana. Thredi zinasaidia pale ambapo jiko lina nafasi na wapokeaji ndo wachache, yaani diski zako ni za haraka, faili nyingi ziko tayari kwenye ramu ya seva, na wateja ni wengi. Mashine 40 na thredi 8 ni chache, hilo nakubali, 32 au 64 ingetosha na haina gharama kubwa, unaandika kwenye /etc/nfs.conf chini ya nfsd. Ila yangu ilikuwa diski ya kuzunguka, ya mizunguko 7200 kwa dakika, na ile hata uilaani haiendi.

Alafu dhambi kubwa. async.

Hili neno ni la hatari kwa sababu liko sehemu mbili na halimaanishi kitu kimoja. Ukiliweka upande wa klayenti kwenye maunti ni kawaida tu, ndo hali ya kila siku, klayenti anakusanya maandishi kwenye ramu yake kwanza, alafu faili likifungwa anayapeleka. Ukiliweka kwenye /etc/exports, orodha ya folda zinazogawiwa, upande wa seva ni habari nyingine kabisa, hapo umeiambia seva iseme uongo. Klayenti anauliza umeshaandika kwenye diski? Seva inajibu tayari mkuu, wakati data bado iko kwenye ramu. Klayenti anaamini, anafuta kopi yake. Na ukiweka async kila kitu kinapaa, nawaambia ukweli, nilifungua tar (furushi) ya faili elfu kadhaa ikaisha kufumba na kufumbua, nikaenda kwa mkuu wa idara kifua mbele.

Wiki ya pili umeme ukakata mchana. UPS ilikuwepo, betri ilikuwa imekufa na mimi nilikuwa najua imekufa. Seva ilipowaka, binti mmoja wa mwaka wa mwisho akaja na flashi mkononi, anasema anko nilisevu saa sita na nusu, nimeona kabisa imesevu. Nikafungua faili lake la mradi. Saizi iko sawa sawa, ndani ni sifuri tupu mwanzo mpaka mwisho. Yule binti hakulia wala hakunigombeza, alisema tu "lakini ilisevu", mara mbili, akanyamaza. Mpaka leo nikiona async kwenye exports nasikia ile sauti.

Sasa kwa nini bila async inakuwa nzito? Hili watu wengi hawalijui na ndo utamu wenyewe. Kwenye toleo la 2 kila ombi la kuandika lilikuwa lazima lifike kwenye diski kwanza ndo seva ijibu. Toleo la 3 likaleta ujanja, klayenti anamimina data nyingi tu seva inazishika kwenye ramu, mwishoni klayenti anatuma ombi moja linaitwa COMMIT, maana yake sasa hakikisha zote ziko chini, na mpaka ajibiwe hafuti kopi yake, seva ikifa katikati klayenti anajua na anatuma tena. Hiyo ni kwa faili kubwa. Lakini kutengeneza faili jipya, kubadilisha jina, kufuta, hivyo bado lazima vifike kwenye diski kabla ya jibu. Diski ya 7200 inazunguka mara moja kwa milisekunde 8.3, kwahiyo hata ukiipendelea ukahesabu faili moja kwa mzunguko mmoja, tar yenye faili 20,000 ni zaidi ya dakika mbili na nusu, na uhalisia ni mbaya kuliko hapo. Hakuna setingi ya NFS itakayofanya chuma kizunguke haraka zaidi. Dawa ya kweli ni kitu kinachoweza kusema "tayari" haraka bila kudanganya, SSD zile za seva zenye kapasita za kushikilia umeme, au kadi ya RAID, ile ya kuunganisha diski kadhaa, yenye betri nzima, narudia, nzima. Wanaotumia ZFS, ule mfumo wa kupanga faili kwenye diski, wanaweza kuweka SSD ndogo ya aina hiyo kwa ajili ya logi peke yake. Dili nzuri ile kama faili zenu ni ndogondogo.

Tumefika wapi? Ndio, ile wiki niliyoomba imeisha, nimebadilisha vitu kumi, asubuhi watoto bado wanakaa dakika nne.

Kuna mzee mmoja fundi wa kitambo alikuwa anakuja pale kurekebisha simu za mezani. Akaniuliza swali la kijinga tu, mwanangu mtandao wenyewe umeupima? Nikasema mzee ule ni gigabiti. Akasema sijakuuliza ni nini, nimekuuliza umepima? Nikapima kwa shingo upande, nikawasha iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kati ya seva na mashine moja. Ikasoma megabiti 94. Nikarudia, 94. Nikapiga ethtool, inayoonyesha hali ya kadi ya mtandao, kwenye seva, na hii hapa: Speed: 100Mb/s.

Kebo ya seva kwenda kwenye swichi ilikuwa inapita chini ya mlango. Hii hapa, pitisheni mkaishike. Angalieni pale katikati ilipobonyea kama bisi, ule ni mlango wa chuma unafungwa na kufunguliwa kila siku. Ndani kuna jozi 4 za nyaya, gigabiti inahitaji zote 4, megabiti 100 inaridhika na 2. Jozi moja ilikuwa imekatika, kadi ikajaribu gigabiti ikashindwa ikajishusha yenyewe kimyakimya, haikupiga kelele, taa inawaka kijani kama kawaida. Megabiti 100 ni kama megabaiti 12 kwa sekunde, ikienda vizuri. Kila mtoto akiingia mashine inavuta labda megabaiti 60 za vitu vyake, mara 40 ni 2400, gawanya kwa 12. Sekunde 200. Hizo ndo dakika zangu tatu na kitu, zilikuwa hapo muda wote na hesabu yake angeweza mtoto wa darasa la tano. Kebo mpya nikaiunga mwenyewe, nikaipitisha juu.

Ndo maana mimi siku hizi nina utaratibu nisiotaka kubishana nao. Mtu akiniambia NFS iko slo, naanza na waya, iperf3 bila faili lolote. Gigabiti nzima inatoa kama 940 kwenda juu kidogo, ukiona chini ya hapo usiguse NFS, tafuta kebo, tafuta swichi. Alafu nakaa kwenye seva yenyewe naandika faili kubwa kwenye diski bila mtandao, kwa komandi ya dd, na conv=fsync mwishoni ihakikishe data imefika chini ili isinidanganye, lazima faili liwe kubwa kuliko ramu au nisafishe kashe, yaani kopi zilizobaki kwenye ramu, kwanza, maana ukisoma mara ya pili unasoma ramu alafu unawatumia watu picha ya gigabaiti 3 kwa sekunde kwenye grupu la WhatsApp, tumewaona. Waya ukiwa mzima na diski ikiwa nzima, hapo ndo naiangalia NFS.

Na nikiiangalia naanza na nfsiostat 5, inayotoa takwimu za NFS kila sekunde 5, kwenye klayenti, wala sigusi setingi. Kuna nguzo mbili ndo roho ya kila kitu, avg RTT na avg exe. Ya kwanza ni muda ombi limetoka hapa limeenda kwa seva likajibiwa likarudi. Ya pili ni muda wote toka programu imeomba, pamoja na kusubiri foleni humu humu ndani ya klayenti. Zote mbili zikiwa kubwa na zinakaribiana, shida iko njiani au kwa seva. RTT ndogo na exe kubwa, klayenti mwenyewe amejibana. Na retrans, yaani maombi yaliyotumwa tena, ukiona inapanda panda kuna paketi zinapotea au seva imezidiwa. Dakika tano hizi zingeniokolea wiki nzima na mradi wa yule binti.

Sasa ile habari ya safari. Baada ya kebo mpya mambo yakawa mazuri, sekunde 25 hivi, lakini kuna watoto wao bado walikuwa wanasubiri dakika nzima. Nikakaa na mmoja nikaangalia. Brauza. Kashe ya brauza iko kwenye folda yake ya nyumbani, vifaili elfu na elfu vya kilobaiti mbili tatu, kila kimoja kinaulizwa upo? unaruhusiwa? saizi yako? nipe. Maswali manne kwenda kubeba kitu kidogo kama punje. Bandiwidhi hapo haina kazi, ni kama unahama nyumba kwa bodaboda, pikipiki iende mbio vipi wewe unabeba kijiko kimoja unarudi, kijiko kingine unarudi. Kashe nikaihamishia kwenye diski ya mashine yenyewe kwa kuweka XDG_CACHE_HOME kwenda /var/tmp, maana kashe hata ikipotea nani atalia. Wale watoto wakaingia kama wenzao.

Hii ya safari inauma zaidi ukitoka nje ya jengo. Kuna ofisi nyingine walinipigia, wana tawi mkoani, wameunganisha kwa VPN, kwenda na kurudi ni milisekunde 40, wanasema wamelipia intaneti mara mbili lakini folda ya pamoja bado inafunguka kwa shida. Folda ina faili 10,000. Kwa mtandao wa ndani wa milisekunde 0.3, swali moja kwa kila faili ni sekunde 3. Kwa milisekunde 40 ni sekunde 400, karibu dakika 7, na ukinunua intaneti mara kumi bado ni sekunde 400, kwa sababu ulichonunua ni upana wa barabara na umbali uko palepale. Kule nikawaambia achaneni na NFS kwa hilo tawi, wekeni kaseva kadogo kulekule, rsync, yaani kunakili mabadiliko, usiku. Mteja hakufurahi maana alitaka setingi. Setingi haipunguzi kilomita.

Ukiwa ndani ya jengo kuna namna ya kupunguza maswali. Klayenti anakumbuka taarifa za faili kwa muda, kwa kawaida kuanzia sekunde 3 mpaka 60, unaweza kuongeza kwa actimeo. Folda ya programu ambayo haibadiliki mpaka wewe uibadilishe, weka hata 600, hakuna ubaya. Folda ambayo watu wawili wanaandika kwa zamu, usiguse, mmoja ataona ya jana mwenzake ameshaandika ya leo na watagombana na wewe. Na noatime, hii naiona kila mahali, mtu ameiweka kwenye maunti ya NFS upande wa klayenti na anaamini inamsaidia. Haifanyi kitu. Muda wa kusomwa faili anautunza seva, kaiweke kule kwenye diski ya seva.

Jambo fremu, yaani paketi kubwa kuliko kawaida, haraka haraka. MTU, ukubwa wa paketi kwa baiti, ikiwa 9000 inasaidia kwenye mtandao wa haraka kama kila kitu njiani kinakubali, kila kitu, na swichi ile ndogo mtu aliificha juu ya dari mwaka ule nayo imo. Moja ikikataa utaona maajabu, ls inajibu vizuri, ukifungua faili kubwa inaganda milele. Pima na ping -M do -s 8972, ni 8972 kwa sababu vichwa vinakula 28. Isipojibu rudi 1500 ulale usingizi. nconnect nayo, kama kerneli, kiini cha Linux yako, ni 5.3 kwenda mbele inafungua koneksheni nyingi kwa seva moja, mwisho 16, tamu kwa wenye gigabiti 10 na kuendelea, mwenye gigabiti moja iliyoshajaa haimsaidii.

Swali? Ndio, dada pale. Anauliza seva ikikatika mashine zote zinaganda, load inapanda mpaka 40 na prosesa haifanyi kazi, je aweke soft ili zisigande? Swali zuri sana hili. Load ya Linux inahesabu na wale wanaosubiri diski au NFS, kwahiyo 40 yako ni watu 40 kwenye foleni wamesimama tu, hakuna anayefanya kazi. Ukiweka soft klayenti akichoka kusubiri anairudishia programu kosa, na programu nyingi haziangalii hilo kosa, zinaendelea kana kwamba zimeandika. Unarudi kulekule kwa yule binti kupitia mlango mwingine. Kwa folda ya kusoma tu sawa, weka soft. Kwa folda ya kuandika acha hard, yaani kusubiri bila kuchoka, zigande, seva ikirudi zinaendelea pale pale zilipoishia, na wewe nguvu yako ipeleke kwenye kujua kwa nini seva inakatika. Inakatika saa ngapi? Saa kumi jioni kila siku? Basi kuna kitu kinawaka saa kumi, bakapu, generata, sijui, angalia cron, ratiba ya kazi za seva, kwanza.

Chai naambiwa iko tayari. Laptopu yangu hii nimeiunga na kaseva kadogo hapa chini ya meza, nfsiostat inatembea, anayetaka kuona RTT ikipanda aje nimchomolee waya, na jamani hiyo kebo irudi, ni ya kwangu.